Sikukiona: kuandika hadithi fupi ya uhalifu na kuipeleka shindanoni

Askari anauliza: "Hiyo silaha hukuiona popote?"

Mtu anajibu: "Sikukiona."

Kwangu mimi kesi imekwisha hapo. Silaha ni "sikuiona", si "sikukiona". Hakuna aliyemtajia kisu mtu huyu. Waliojazana mlangoni tangu asubuhi wanasema panga, na panga lingekuwa "sikuliona". Chumbani humo kuna mtu mmoja tu anayejua kuwa kilichotumika ni kitu cha ngeli ya KI-VI, naye ndiye aliyekishika.

Siku nilipogundua kwamba Kiswahili kinaweza kumfunga mtu kwa silabi moja, ndiyo siku niliyoacha kuandika hadithi za mapenzi, ambazo hata hivyo nilikuwa naziandika vibaya. Mimi ni mtunza stoo. Miaka 18 sasa kazi yangu ni kuhesabu vilivyoingia na vilivyotoka, na kuumiza kichwa juu ya vile ambavyo havijatoka lakini havipo. Nimepeleka hadithi kwenye mashindano mara 14. Mara moja nilishika nafasi ya tatu, mara mbili jina langu lilifika kwenye orodha ya awali, na zilizobaki 11 hazikufika kokote. Kwa hiyo sisemi kama bingwa. Nasema kama mtu ambaye ameshapoteza hadithi kwa kila namna ya kizembe na angependa wewe upoteze kwa namna nyingine, yako mwenyewe.

Kwanza, upelelezi na mashindano ni ndugu

Watu huniambia majaji hawapendi hadithi za upelelezi, wanataka "fasihi". Nawakumbusha habari ya Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani. Mwaka 1833, akiwa hana kitu, alipeleka hadithi kadhaa kwenye shindano la gazeti moja la Baltimore, na moja ikampa dola 50. Mwaka 1841 ndipo akachapisha kisa cha kwanza cha mpelelezi wake Dupin, ambacho wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa hadithi ya upelelezi kama tunavyoijua. Mwaka 1843 akarudi tena shindanoni, safari hii gazeti la Philadelphia, akachukua dola 100 kwa hadithi ambayo kiini chake ni maandishi ya siri yanayofumbuliwa herufi kwa herufi. (Katika lile shindano la 1833 alipeleka na shairi. Zawadi ya shairi ilikwenda kwa mhariri wa gazeti lenyewe, aliyeshiriki kwa jina la bandia. Poe alikasirika sana. Kwa hiyo maneno ya mashindano hayakuanza na sisi.)

Upande wetu mambo ni yaleyale. Muhammed Said Abdulla alipeleka mswada wa *Mzimu wa Watu wa Kale* kwenye shindano la uandishi la 1957–58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki, akashika nafasi ya kwanza, na kitabu kikatoka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, alifika kwa wasomaji kupitia shindano. Basi mtu akikuambia upelelezi si wa mashindano, mwache amalizie sentensi yake, kisha endelea kuandika.

Masharti yasomwe kabla hujawaza hadithi

Nasema kabla ya kuwaza, si kabla ya kutuma. Hadithi ya maneno 1,500 na hadithi ya maneno 5,000 si hadithi moja iliyofupishwa na kurefushwa. Ya kwanza ina nafasi ya tukio moja na kidokezo kimoja. Ya pili inaweza kubeba washukiwa watatu na uongo wa namna mbili. Ukishajua kipimo ndipo unachagua uhalifu unaoenea humo, kama vile fundi anavyopima mlango kabla ya kukata mbao.

Vipimo vyenyewe vinatofautiana. Commonwealth Short Story Prize, tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola iliyoanza 2012, inataka maneno kati ya 2,000 na 5,000, haina ada, na inapokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Hadithi iwe haijachapishwa popote. Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, ambayo mshindi wake wa kwanza alipatikana mwaka 2000, ni kinyume chake: hadithi lazima iwe imeshachapishwa, na mchapishaji ndiye anayeipeleka. Nimeona mwandishi akihangaika wiki nzima kutafuta mahali pa kutuma mswada wake mbichi Caine. Hapakuwepo, na kama angesoma aya ya pili ya masharti angelala mapema.

Neno "haijachapishwa" nalo lina meno. Mashindano mengi yanahesabu kuwa hadithi uliyoiweka kwenye mtandao wa kijamii imeshachapishwa, hata kama waliosoma ni shangazi yako na mtu mmoja usiyemjua. Ukitaka maoni, wape watu faili mkononi.

Halafu jina. Hadithi yangu ya kwanza haikusomwa kabisa, kwa sababu masharti yalisema jina la mwandishi lisionekane, nami nilikuwa nimeliweka juu ya kila ukurasa, kwa herufi nene, nikijivuna. Ya nne niliondoa jina kote, nikasahau kwamba programu ya kuandikia huhifadhi jina la mwenye kompyuta kwenye maelezo ya faili bila kumuuliza mtu. Fungua sehemu ya maelezo ya faili, futa, hifadhi upya, kisha fungua tena uhakikishe.

Na saa. Sisi wa saa za Kiswahili tuna mtego wetu peke yetu. Shindano moja liliandika mwisho ni 12:00 pm. Nikasoma kumi na mbili, pm, nikajua ni usiku. Kumbe ni saa 6 mchana, na mimi nilituma saa 3 usiku nikiwa na amani kabisa moyoni. Ikiandikwa 11:59 pm kwa saa za GMT, kwa aliye Afrika Mashariki hiyo ni saa 8:59 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Usiitumie hiyo nafuu. Mtandao hukatika kwa watu wenye nafuu.

Kuhusu haki: shindano la kawaida huomba haki ya kuchapisha hadithi zilizoshinda, pengine kwa mara ya kwanza tu au kwa muda maalumu. Ukikuta kifungu kinachosema kwamba kwa kutuma tu, ushinde usishinde, hadithi ni mali yao daima, funga ukurasa. Kuhusu ada sina msimamo mkali. Yapo mashindano ya kuheshimika yanayotoza. Mimi nauliza swali moja: washindi wa miaka iliyopita wapo, wana majina, hadithi zao zinasomeka mahali? Kama jibu ni hapana, sitoi hela.

Uhalifu wa kazi yako

Mwandishi mpya wa uhalifu hukimbilia muuaji mwenye akili nyingi, bastola na mvua. Mimi nilikimbilia hukohuko. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na bastola yenye kiziba sauti iliyolia "kwa mnong'ono". Bastola yenye kiziba sauti hainong'oni. Mlio unapungua, lakini bado ni mlio. Nilikuwa na mtu aliyewekewa kitambaa cha klorofomu, dawa ya usingizi, puani akazimia kabla hajageuza shingo, na hilo nalo halitokei, inachukua dakika kadhaa. Nilikuwa na daktari aliyetazama maiti akatamka: "Amekufa saa 4 na dakika 20." Hakuna daktari wa kweli anayesema hivyo. Ugumu wa maiti huanza baada ya saa chache, huenea mwili mzima kwa kiasi cha saa 12, kisha hulegea siku inayofuata au ya tatu, na joto au baridi huvuruga hesabu yote. Daktari mwangalifu hutoa kipindi, hatoi dakika. Na kipindi, ukikifikiria, kina faida zaidi kwa mwandishi, maana ndani yake ndimo washukiwa wanamojificha.

Lakini jibu hasa si kusoma zaidi habari za maiti. Jibu ni kuuliza: kazini kwangu, mtu angeibaje? Angeghushi nini? Angeficha wapi? Wewe unayejua kazi yako unajua jambo ambalo jaji hajui, na jaji anapenda sana kufundishwa siri ya kazi ya mtu. Mshonaji anajua kwamba uzi uliofumuliwa na kushonwa upya huacha matundu ya zamani kwenye kitambaa. Mwalimu huwatambua wanafunzi wawili walionakiliana kwa makosa yanayofanana, si kwa majibu sahihi. Muuguzi anajua dawa gani zinahesabiwa kila zamu na zipi hazihesabiwi. Mimi najua kwamba mwizi wa stoo haogopi kufuli, anaogopa leja, lile daftari la vilivyoingia na vilivyotoka. Kufuli ataifungua. Leja lazima aiandike, na anapoandika ndipo anapojisahau.

Wala si lazima mtu afe. Margery Allingham, mwandishi wa Kiingereza, alifananisha hadithi ya aina hii na sanduku lenye pande nne: kuuawa kwa mtu, fumbo, uchunguzi, na mwisho wenye kuridhisha. Nakubali pande tatu za mwisho moja kwa moja. Ule wa kwanza, kwa hadithi fupi, mara nyingi nauacha. Maiti ni zito. Likishaingia kwenye maneno 3,000 linataka ndugu, mazishi, polisi, kilio, na kila kilio kinakula maneno. Saini ya kughushi haihitaji kaburi.

Leja ya tukio

Siandiki mstari wa kwanza kabla sijajaza kurasa mbili za daftari. Ukurasa wa kwanza ni kilichotokea kweli, saa kwa saa, kana kwamba mimi ndiye mhalifu: nani alikuwa wapi, aligusa nini, aliacha nini. Msomaji hatauona ukurasa huu kamwe. Bila ukurasa huu hadithi huvuja. Unafika mwisho unagundua mshukiwa wako alikuwa na funguo mbili na mikono mitatu.

Ukurasa wa pili ni kama kadi ya bidhaa. Kila kidokezo kina mstari wake: kimeingia ukurasa gani, kimetoka ukurasa gani. Kilichoingia bila kutoka ni mzigo wa bure, ukate. Kilichotoka bila kuingia ni wizi, na anayeibiwa ni msomaji. Mwaka 1929 padri mmoja wa Kiingereza, Ronald Knox, naye mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliandika amri kumi za fani hii. Baadhi zimechakaa na moja ni ya aibu, lakini mbili nimezibandika ukutani kwa maneno yangu: mpelelezi asione kitu ambacho msomaji hajaonyeshwa, na bahati isimsaidie mpelelezi kamwe. Ya pacha anayetokea ghafla ukurasa wa mwisho sikuibandika kwa sababu nadhani kila mtu anaijua. Baadaye nilisoma hadithi za wenzangu nikaibandika.

Idadi: kwa maneno 3,000 washukiwa wawili wanatosha, watatu ni kikomo. Mahali pamoja. Siku moja, au mbili zikizidi. Poe aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi fupi ni ile inayosomwa kwa kikao kimoja, na kila neno lake livute upande mmoja. Jaji wako ana hadithi mia kadhaa mezani. Kikao chake ni kifupi kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo anza umechelewa. Usianze na mpelelezi anaamka, anapiga mswaki, simu inalia. Simu ikilia aya ya kwanza, nusu ya majaji wameshajua kuna maiti upande wa pili. Anza kitu kimeshapotea na mtu fulani tayari anasema uongo.

Kidokezo mezani, mbele ya macho

Nitakuonyesha ile hadithi iliyoshika nafasi ya tatu, maana imeshachapishwa na siri yake haina kazi tena.

Stoo. Maboksi 12 ya betri hayapo. Leja inaonyesha yalitoka Jumanne, kwa saini ya karani aliyekuwa na ruhusa ya kuyachukua, na mtu anayelaumiwa ni dereva aliyedaiwa kuyapakia. Ukweli ni kwamba maboksi yaliibwa Ijumaa, na karani akachomeka mstari wa uongo kwenye nafasi iliyoachwa wazi Jumanne. Kinachomfichua ni wino. Kalamu ya bluu iliyofungwa kwa kamba kwenye kaunta ilikauka Jumatatu, na mpya haikuletwa hadi Alhamisi. Katikati hapo kila mtu alitia saini kwa penseli nyekundu. Saini ya Jumanne ya karani ni ya bluu.

Tazama nilivyoandika mara ya kwanza (Mzee Tamimu ndiye mpelelezi wangu):

"Mzee Tamimu aliona kwamba kalamu ya bluu ilikuwa imekauka. Alishangaa kidogo, akampa dereva penseli nyekundu atie saini."

Hiki si kidokezo, hii ni taa ya barabarani. "Aliona kwamba" inamwambia msomaji atazame. "Alishangaa" inamwambia akumbuke. Rangi mbili kwenye sentensi mbili zinammalizia. Dada yangu alisoma hapo akaniambia, "Basi mwizi ni mwenye kalamu ya bluu," akarudi kwenye shughuli zake.

Mara ya tano ikawa hivi:

"Kiti kilikuwa na mguu mmoja mfupi, kalamu ilikuwa imekauka kwenye kamba yake, na kitu pekee kilichotosha kila mtu ofisini humo kilikuwa boksi la penseli nyekundu. Dereva alitia saini, akarudisha penseli, akauliza kama siku hizi stoo inasahihisha mitihani. Mzee Tamimu hakucheka. Alikuwa anatazama mikono ya dereva, iliyokuwa inatetemeka."

Kalamu imekaa katikati ya vitu vitatu, maana cha kwanza na cha mwisho ndivyo vinavyokumbukwa. Penseli imefunikwa na utani. Msomaji akishatabasamu anadhani ameshalipwa na sentensi hiyo, haidai tena. Kisha papo hapo nimempa kitu chenye uzito wa kutazama, mikono inayotetemeka, na hiyo mikono ndiyo njia ya uongo. Dereva anatetemeka kwa sababu nyingine kabisa, ambayo nayo ina mstari wake kwenye kadi. Rangi ya bluu sikuitaja. Inatajwa mara moja tu, aya ya mwisho, Mzee Tamimu anapogeuza leja kuelekea kwa karani na kuweka kidole juu ya Jumanne.

Hapo nikadhani nimemaliza. Mfanyakazi mwenzangu akasoma, akauliza kwa upole mkubwa: "Kwani karani hawezi kuwa na kalamu yake mfukoni?"

Hadithi nzima ikaanguka kama rafu iliyotolewa boriti. Nilikaa nayo siku tatu. Dawa ikatoka kwenye leja yenyewe: Jumanne ileile karani alitia saini mara tatu. Ya kwanza na ya tatu ni za penseli nyekundu. Ya katikati, ile ya maboksi 12, ni ya bluu, na herufi zake zimebanwa kidogo kama abiria aliyepanda gari likiwa limejaa. Mtu mwenye kalamu mfukoni haazimi penseli mara mbili. Swali la mwenzangu lilinipa mwisho mzuri kuliko ule nilioupanga. Ndiyo maana nasisitiza utafute msomaji ambaye hakuogopi. Mpe nusu ya kwanza tu, mnyang'anye karatasi, muulize: unamshuku nani, na kwa nini? Akimtaja mhalifu kwa sababu sahihi, umefichua mapema. Asipomtaja mtu yeyote, hujamsumbua vya kutosha. Unachotaka ni amtaje asiyehusika, kwa ujasiri.

Lugha yenyewe ni mshirika

Mwandishi wa Kiingereza akitaka kuficha kama aliyeingia chumbani ni mwanamume au mwanamke, inabidi ahangaike, kwa sababu kiwakilishi kinamsaliti. Wewe unaandika "aliingia, akafunga mlango, akazima taa" na hujasema lolote. Mtaje mtu kwa kazi yake, dereva, daktari, mgeni wa chumba namba 4, na msomaji atamvisha jinsi anayoizoea. Lakini usifanye huo ndio mshangao pekee wa hadithi. Jaji anayesoma Kiswahili ameshauona mara nyingi, naye anaanza kukushuku ukimaliza ukurasa bila jina. Na uwe mwangalifu na majina ya udugu. Shemeji na binamu vinaficha. Wifi hakifichi kitu: mtu akimwita mwenzake wifi umeshatoa jinsi ya wote wawili kwa neno moja.

Kauli ya kutendwa pia ina manufaa. "Mlango ulifunguliwa." Na nani? Hujasema, na sentensi haionekani kuwa na pengo. Usiitumie mara kumi lakini. Mara mbili ni ufundi, mara kumi ni ripoti ya kikao.

Sasa turudi kwa ngeli. Ile "sikukiona" inafanya kazi kwa masharti mawili. Kwanza, kisu kisitajwe na mtu yeyote mbele ya mshukiwa, na msomaji aone kwamba hakikutajwa. Pili, mshukiwa awe msemaji mzuri. Ukimfanya mtu anayechanganya ngeli tangu ukurasa wa kwanza, "ki" yake haitathibitisha chochote, ni makosa ya kawaida. Mimi nilimfanya mwalimu wa lugha mstaafu, mtu anayesahihisha wenzake mazungumzoni hadi wanachoka naye. Anamsahihisha hata askari. Kwa hiyo anapoteleza, hawezi kusema ulimi uliteleza. Ujinga wake wa kujiona ndio pingu zake.

Hadithi hiyo haikushinda kitu, na naijua sababu. Shindano lilitaka Kiingereza, nikaomba rafiki anitafsirie. Katika Kiingereza kisu, panga na silaha vyote vinarejewa kwa neno moja lisilobagua ngeli. Akauliza, "Sasa huyu amekamatwaje?" Nilikuwa sina jibu, muda ulikuwa umebaki siku moja, tukatuma hivyohivyo, mtu akakamatwa bila sababu. Kidokezo kilichofungwa ndani ya lugha kipeleke kwenye shindano linalosomwa kwa lugha hiyo. Cha wino kinasafiri popote.

Kukata, kutuma, kungoja

Rasimu yangu ya kwanza huzidi kipimo kwa theluthi. Huanza kukata mwishoni, kwa sababu huko ndiko tunakoeleza sana. Mpelelezi anayesimama mbele ya washukiwa wote akasimulia upya kila kitu alikuwa na nafasi kwenye kitabu cha kurasa 200. Katika hadithi fupi, kidole juu ya Jumanne kinatosha. Ukikata maelezo na msomaji wako bado anaelewa, hayakuwa na kazi. Asipoelewa, usirudishe maelezo. Rudi ukurasa wa pili ukatie maji kidokezo kilichokauka.

Angalia kama kichwa cha hadithi kinahesabiwa kwenye idadi ya maneno. Angalia aina ya faili. Soma yote kwa sauti, polepole, hasa mazungumzo, kwa sababu washukiwa wote huwa wanaanza kuongea kama mwandishi. Kisha iache siku mbili, soma tena, tuma ikiwa imebaki angalau siku moja.

Baada ya kutuma nina daftari jingine, lenye safu tano: jina la hadithi, idadi ya maneno, ilipopelekwa, tarehe iliyotoka, tarehe ya majibu. Mashindano mengi hayamwandikii asiyeshinda, wanatangaza orodha tu. Orodha ikitoka haumo, jaza safu ya tano kwa neno "imerudi" na siku hiyohiyo tafuta kipimo kingine kinachokaribiana. Usiibadilishe hadithi kwa hasira ya jioni hiyo. Ile ya wino ilirudi mara mbili kabla ya kupata nafasi ya tatu, na kati ya safari ya pili na ya tatu nilibadilisha sentensi moja tu, ile ya mitihani, ambayo mwanzoni dereva aliisema baada ya kuondoka kaunta, akiwa mlangoni. Mlangoni utani ulikuwa mbali na penseli, haukuifunika.

Kabla ya kutuma hadithi moja sehemu mbili kwa wakati mmoja, rudi kwenye masharti. Yapo yanayokubali mradi uwaarifu ikichukuliwa kwingine, na yapo yasiyokubali kabisa. Katika safu ya tatu ya daftari langu hairuhusiwi kuwa na majina mawili. Maboksi yaliyoandikwa kuwa yapo sehemu mbili nayajua vizuri mno.